Kwa Nini Nesi wa Mkoba Haachi Chanjo Kwenye Friji ya Duka

"Nesi, ziache tu kwenye friji ya dukani, kesho ukirudi utazikuta." Ombi hili nimelisikia mara nyingi, na ni la huruma. Wanakijiji wananiona nimekuja kwa pikipiki, kasha la chanjo begani, na wapo kina mama ambao bado hawajatoka shambani.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa mwaka 2007 ulilenga kila kijiji cha Tanzania kiwe na zahanati. Kwa vitongoji vilivyo mbali nayo, mkoba, yaani huduma inayowafuata watu walipo, ndio kliniki: mzani unaning'inizwa kwenye tawi la mwembe, benchi linaazimwa shuleni, kazi inaanza.

Tatizo ni ubaridi. Chanjo hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Friji ya soda ikifunguliwa kila mteja anapotaka maji, joto linapanda. Usiku ikitulia, inaweza kugandisha. Kuganda ndiko kunakoimaliza Penta, ile inayomkinga mtoto na kifaduro, dondakoo na pepopunda. Ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka. Na ile alama ya mraba ndani ya duara kwenye chupa hubadilika kwa joto tu, kuganda haikuonyeshi. Ndiyo maana hata barafu za kasha tunaziacha kwanza zitoke jasho, mpaka ukizitikisa usikie maji ndani.

Chanjo za unga, BCG (ya kifua kikuu) na surua-rubela, zina masharti yake. Zikishachanganywa hazivuki saa 6, na kliniki ikifungwa mapema zinatupwa hapo hapo. Chupa ya BCG kwa kawaida ni ya dozi 20. Kitongoji kitapata wapi vichanga 20 siku moja? Wenzangu wengine husita kuifungua kwa mtoto mmoja. Mimi nasema ifunguliwe. Kumwaga dozi kunauma, lakini mama aliyetembea asubuhi nzima akarudishwa mikono mitupu, mwezi ujao huenda usimwone.

Kwa hiyo siku ya mkoba fikeni mapema, na kadi ya kliniki mkononi. Aliyepitwa na tarehe asione haya: mtoto aliyekosa Penta ya wiki ya 10 haanzi upya, anaendelea alipoishia. Mama akiwa shambani, baba au bibi amlete.