Nyumba yenye afya ni ipi? Maana yake kwa mtu wa nchi ya baridi

Neno "ukungu" lina kazi mbili. Kuna ule unaoifunika Mbeya asubuhi mpaka mlima Loleza hauonekani, na kuna ule mweusi unaoota kwenye kona ya chumba, nyuma ya kabati. Wa kwanza ni mvuke uliokutana na hewa ya baridi. Wa pili huota pale mvuke ulipokutana na ukuta wa baridi. Wazee walioipa jina moja hali hizi mbili waliona mbali.

Wataalamu wa ujenzi na wa afya wakisema "nyumba yenye afya", hawamaanishi nyumba mpya wala ya vigae vinavyong'aa. Wanazungumzia nyumba ambayo hewa, joto, unyevu, mwanga na kelele zake hazimdhuru anayeishi ndani, na zinampa nafasi ya kulala vizuri na kutulia akili. Maana yenyewe ni hiyo tu. Tatizo la Nyanda za Juu Kusini ni kwamba mambo mawili kati ya hayo hugombana: joto na hewa. Mtu wa Dar es Salaam hufungua dirisha akapata hewa safi na nafuu ya joto kwa mkono mmoja. Huku Juni na Julai, usiku unaposhuka chini ya nyuzi 10 na kule Makete umande ukiganda shambani, anayelala dirisha wazi ataulizwa kama yuko sawa.

Kwa hiyo tunafunga. Tunaziba matundu ya juu ya dirisha kwa magazeti, tunasukuma nguo kuukuu chini ya mlango, kisha tunaingiza jiko la mkaa chumbani.

Hapo pana kosa linaloua. Wengi hungoja mkaa uwake nje, moshi uishe, makaa yawe mekundu, ndipo waliingize jiko ndani wakiamini hatari imebaki nje na moshi. Hatari haikubaki. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayonata kwenye damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, anadhani ni malaria au uchovu, anajifunika blanketi na kulala. Wengine hawaamki. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje kwanza apate hewa, halafu mkimbize hospitali.

Mtu atauliza: mbona bibi zetu walilala na moto ndani miaka yote? Walilala, ndiyo, na wengi waliumia macho na vifua. Lakini nyumba za nyasi na mianzi za Rungwe zilikuwa na nyufa. Moshi ulipenya paani, na hewa ya nje iliingia ukutani. Leo tumepiga lipu, tumeweka dari ya jipsamu na madirisha ya aluminiamu. Nyumba imebana, jiko limebaki lilelile. Moto uleule sasa una nguvu kubwa zaidi ya kudhuru kuliko ilivyokuwa kwa bibi.

Hata bila jiko, watu wenyewe huchafua hewa. Mwaka 1858 mwanasayansi wa Ujerumani, Max von Pettenkofer, alipendekeza kwamba kabonidayoksaidi, hewa tunayoitoa tukipumua, chumbani isizidi sehemu 1,000 katika milioni, kwa kuwa ikizidi hapo ni dalili kwamba pumzi za watu zimejaa na hewa mpya haiingii. Hewa ya nje leo ina sehemu 420 na ushee. Watoto wanne wakilala katika chumba kidogo kilichozibwa, kiwango hicho hupitwa mapema usiku. Ndiyo ile harufu nzito unayokutana nayo ukifungua mlango alfajiri, na ndiyo sababu mtu mmoja mwenye kifua kikuu huweza kuwaambukiza wenzake wa chumba kimoja.

Pumzi hizo zina maji pia. Ongeza mvuke wa sufuria na nguo zinazoanikwa ndani msimu wa mvua, hasa Tukuyu ambako jua ni mgeni, na utaelewa kwa nini bati lisilo na dari hudondosha matone asubuhi wakati usiku haukunyesha. Mwenye nyumba humwita fundi azibe tundu. Fundi anapanda, anakagua, anashuka: "Mama, hapa hakuna tundu." Kweli hakuna. Ni pumzi za familia zilizogandia kwenye bati na kurudi kama mvua. Dawa yake ni dari, matundu ya hewa yanayobaki wazi, na kuliacha kabati likae mbali kidogo na ukuta wa nje.

Sasa joto lenyewe. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilitaja nyuzi 18 kuwa kiwango salama cha chini ndani ya nyumba kwa nchi zenye majira ya baridi. Nyumba nyingi za Njombe hazifiki hapo usiku wa Julai, na sidhani kama jibu ni mkaa zaidi. Baadhi ya nyumba za zamani za misheni zina dohani: moto unakaa ndani, moshi na sumu vinapanda nje. Mafundi wetu wanaweza kuijenga, ila ramani za siku hizi zimeisahau.

Tumelisahau na jua. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katika miezi ya baridi jua hupita upande wa kaskazini. Miezi hiyo huku ni ya kiangazi. Mchana anga ni jeupe. Dirisha linalotazama kaskazini au mashariki hupokea joto la bure wakati tunapolihitaji, na ukuta wa tofali za kuchoma hulihifadhi kwa saa kadhaa. Halafu mtu anaweka vioo vya giza na mapazia mazito, na dirisha la kuteleza ambalo hata ukilifungua lote hupitisha hewa nusu tu. Mimi vioo hivyo sivipendi, na sijifichi.

Mwanga huo ndio unaogusa akili. Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni huupangia mwili saa ya kuamka na saa ya kusinzia. Anayeshinda gizani hupoteza mpangilio huo, usingizi ukaharibika na moyo ukawa mzito. Kutazama nje nako si anasa. Mwaka 1984 Roger Ulrich wa Marekani alichapisha matokeo ya wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania: waliolala mbele ya dirisha lenye miti waliruhusiwa mapema na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Huku tuna vilima na mikaratusi, kisha tunajenga uzio mrefu ulio mita moja tu kutoka dirisha la sebule.

Mpangaji hawezi kubomoa ukuta. Anaweza kuhamishia kitanda mbali na ukuta wenye unyevu, kuweka meza ya mtoto dirishani, kufungua madirisha mawili yanayokabiliana saa sita mchana jua likiwa kali, na kupasha moto tumbo kwa chai badala ya chumba kwa mkaa.

Anayejenga ana nafasi zaidi. Kabla fundi hajachimba msingi, nenda kiwanjani asubuhi moja ya Juni, saa mbili, usimame unapotaka chumba cha kulala. Tazama kivuli chako kinakoangukia. Dirisha liweke upande wa pili.