Barua zilikuwepo kabla ya Mjerumani

Tumezoea kusikia kwamba barua na posta vililetwa pwani yetu na wakoloni, Mjerumani kwanza, Mwingereza akafuata. Ukianza na barua zenyewe, habari hiyo haisimami. Huko Goa, India, zimehifadhiwa barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mnamo 1711 kwa herufi za Kiarabu. Hakukuwa na stempu wala karani wa dirishani. Barua ilikabidhiwa nahodha, ikapanda jahazi na kungoja upepo wa msimu.

Posta yenye ofisi je? Nayo haikumngoja Mjerumani. Idara ya Posta ya India ilifungua tawi Zanzibar mwaka 1868, likafungwa mwaka uliofuata, likafunguliwa tena 1875. Ni kweli India yenyewe ilikuwa chini ya Mwingereza, kwa hiyo mkono wake ulikuwemo. Ila Zanzibar ilikuwa bado dola ya Sultani. Iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza baadaye, mwaka 1890.

Tazama stempu za wakati huo: kichwa cha Malkia Victoria, neno India, na bei kwa ana, yaani sehemu ndogo za rupia ya India, iliyokuwa ikitumika pia Zanzibar. Mwaka 1895 stempu hizohizo zilipigwa chapa ya neno "Zanzibar" juu yake, na 1896 zikatoka zenye sura ya Sultani Hamad bin Thuwaini, kilemba na ndevu zake. Wakusanyaji wa stempu wanazijua vizuri kuliko sisi tuliosoma historia darasani.