Uji wa sabuni: mzito si lazima uwe umeiva

Dhana: Uji wa sabuni, yaani mafuta na maji ya kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) yaliyokorogwa pamoja, ukiwa mzito kama uji wa mgonjwa, mimina kwenye maboksi.

Hii ilinila ndoo nzima. Ilikuwa Mbeya, mwezi wa Juni, mawese ya Kyela yameganda kwenye dumu tangu usiku. Niliyayeyusha juujuu, nikatia maji ya kostiki yaliyokwisha kupoa, nikakoroga. Dakika tano tu mwiko umesimama! Nikajaza maboksi kwa furaha. Jioni juu kunaelea mafuta, chini kuna maji yanayowasha vidole.

Ukweli: kilichokuwa kizito ni mafuta yaliyoganda kwa baridi, kostiki haijashikana nayo. Mawese huganda kwenye nyuzi 35 hivi, ya nazi karibu 24. Siku hizi nayeyusha mpaka yawe maangavu, bila punje. Nikiwa na shaka naikalisha ndoo kwenye beseni la maji ya moto: kama uzito ni wa uongo, uji unalegea na mafuta yanaanza kuelea tena. Ulioiva hubaki rangi moja, hauna michirizi ya mafuta pembeni. Hapo nainua mwiko na kuuchuruzisha. Mstari ukikaa juu kidogo kabla ya kuzama, namimina.

Wala usingoje ugume zaidi ukidhani ndiyo sabuni bora. Uji mzito mno hubeba hewa, na mche ukiukata una matundu.

Dhana: Kukoroga nusu saa kunatosha.

Saa haijui umetia mafuta gani. Alizeti kwa mwiko inaweza kukukalisha zaidi ya saa nzima, ilhali blenda ya mkono humaliza kwa dakika chache. Mafuta ya karafuu nayo huharakisha uji hadi ukugandie mkononi. Yatie mwisho, maboksi yakiwa tayari.

Dhana: Ukichelewa kuiva, ongeza kostiki.

Usithubutu. Kilo moja ya mawese huhitaji gramu 141 hivi. Inayozidi hubaki ndani ya mche na kuchubua ngozi. Hata uliopimwa vizuri ukae wiki 4 hadi 6 rafuni.

Dhana: Uji ukitoa mapovu unaiva.

Angalia kwanza chombo. Ikiwa ni sufuria ya alumini, kostiki inaila hiyo sufuria, na mapovu ni gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au sufuria ya chuma cha pua.