Mwili wa mtoto angani: kwa wazazi wanaosafiri mbali kutoka Mwanza

Wazazi wanaojiandaa kusafiri kwa ndege na watoto wadogo kwenda Ulaya, India au Marekani huniuliza, mara nyingi kabla ya swali jingine lolote, ni dawa gani itakayomlaza mtoto mpaka wafike. Nikiwa daktari wa watoto hapa Mwanza, huwajibu kwamba sitoi dawa ya namna hiyo. Mtoto anayelia angani halii kwa utundu. Analia kwa sababu masikio yanamuuma, au ana kiu, au saa ya mwili wake imevurugika, na mzazi anayejua sababu anaweza kuipunguzia nguvu kabla kilio hakijaanza. Dawa za mzio zinazoleta usingizi huwafanya baadhi ya watoto wahangaike zaidi badala ya kulala, na mojawapo ya dawa hizo, prometazini, haipaswi kabisa kupewa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kudhoofisha upumuaji wake.

Nianze na masikio. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna nafasi ndogo yenye hewa, iliyounganishwa na koo kwa mrija mwembamba ambao kwa mtoto ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, tena huziba upesi akiwa na mafua. Ndege inaporuka juu sana, hewa ya ndani hudhibitiwa ili ifanane na ile ya mlimani, kwenye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400 hivi. Inaposhuka, mgandamizo wa hewa huongezeka, na mrija usipofunguka kwa wakati kiwambo husukumwa ndani na maumivu huanza. Sasa, Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali Dar es Salaam iko pwani kabisa, kwa hiyo ile safari fupi ya kwanza, ambayo wazazi wengi huiona si kitu kwa kuwa mawazo yao yako kwenye safari ndefu ya usiku, inaweza kuyatesa masikio sawa na hiyo wanayoihofia. Wakati wa kurudi, ndege inayotua Mwanza huishia juu, hivyo masikio ya mtoto huuma kwa kiasi kidogo tu.

Kinachoufungua mrija ni kumeza. Mnyonyeshe mtoto, au mpe chupa, tangu ndege inapoanza kushuka, si magurudumu yakikaribia ardhi. Na kama amelala, mwamshe, hata kama roho inakuuma kumwamsha, kwa sababu aliyelala humeza mara chache sana. Mkubwa kidogo anywe maji kidogo kidogo au atafune kitu laini. Pipi ngumu na karanga zisiwemo, maana zinaweza kumpalia. Mwenye maumivu ya sikio au mafua makali aonwe na daktari siku chache kabla ya safari.

Jambo ninalotaka wazazi wa Kanda ya Ziwa walizingatie kuliko yote ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, kwa kuwa hapa kwetu watoto wenye ugonjwa huu ni wengi na baadhi yao hawajapimwa. Ndani ya ndege oksijeni mwilini hushuka kidogo. Mtoto mwenye afya hata hahisi, lakini kwa mwenye selimundu upungufu huo, ukiungana na hewa kavu, baridi na kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu, unaweza kuzifanya chembe nyekundu zijikunje na kuziba mishipa midogo. Mtoto huyo asisafiri akiwa ametoka tu kupata shambulio la maumivu. Miongozo ya tiba ya usafiri wa anga hutaka zipite takribani siku 10. Anywe maji mara kwa mara bila kusubiri kiu, avae soksi na sweta, atembezwe kwenye ujia taa ya mikanda ikizimwa, na dawa zake zote, ikiwemo haidroksiyurea, dawa ya kupunguza mashambulio ya selimundu, na za maumivu, zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari wake. Kama amewahi kupata matatizo ya mapafu au ya bandama, daktari aulizwe mapema endapo atahitaji oksijeni ya ziada, kwa sababu shirika la ndege haliwezi kuiandaa siku ya safari.

Hata mahali pa kubadilishia ndege pana uzito wake. Uwanja wa Addis Ababa uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, yaani karibu sawa na hewa ya ndani ya ndege, kwa hiyo mtoto mwenye selimundu anayelala pale akisubiri safari ya asubuhi hapati nafuu ya oksijeni aliyoitarajia mzazi, na usiku kuna baridi. Doha na Dubai ziko usawa wa bahari. Mimi ningelipa nauli kubwa kidogo kwa ajili ya tofauti hiyo.

Kuhusu usingizi, mwili huzoea tofauti ya saa moja hivi kwa siku. London, kwa tofauti ya saa 2 au 3, haisumbui sana. New York, wakati wa majira yao ya joto, iko nyuma yetu kwa saa 7, hivyo mtoto aliyezoea kuamka saa 12 asubuhi ataamka saa 5 usiku, akiwa mchangamfu na mwenye njaa. Mpe chakula kidogo, taa iwe hafifu, mazungumzo yawe machache, wala simu asipewe. Mchana mtoe nje kwenye mwanga, hasa jioni, hata kama anasinzia.

Baada ya kufika, kwa miezi 3 ya mwanzo, homa yoyote ya mtoto aliyetoka kando ya Ziwa Victoria ichukuliwe kuwa huenda ni malaria hadi kipimo kithibitishe vinginevyo. Daktari wa Ulaya au Marekani anaweza kudhani ni mafua au uchovu wa safari, kwa kuwa wagonjwa wa malaria huwaona kwa nadra. Mtajie mwenyewe kwamba mmetoka Mwanza, mwambie tarehe mliyoondoka, na uombe damu ipimwe siku hiyohiyo.