Ukijifunza gari ukubwani, anza na macho

Wengi wa wanafunzi wangu hapa Kampala wamepita miaka arobaini. Ni akina mama wenye maduka Kikuubo, manesi, wanajeshi waliostaafu, Wakongo wa Katwe na Nsambya wanaouza vitenge, Wanubi waliotoka Bombo. Tunaelewana kwa Kiswahili. Na kabla hata ya kugusa usukani, karibu wote wana swali moja: "Mwalimu, kwa umri huu mikono na miguu itakubali kweli?"

Itakubali. Kwa mtu mzima kazi kubwa iko kwenye macho, na hilo ndilo ninalotaka lieleweke leo.

Mtu mwenye hofu hutazama karibu. Mtu aliyezoea maisha yake yote kukaa kiti cha abiria, siku akishika usukani, macho yake huganda kwenye boneti, au ukingoni mwa lami, au kwenye shimo lililo mbele ya tairi. Anaona mita tano tu za barabara. Gari likienda kilomita 20 kwa saa, mita hizo zinakwisha kabla sekunde haijatimia, kwa hiyo kila kitu kinamjia ghafla. Anavuta usukani kushoto, anaurudisha kulia, gari linayumba, hofu inazidi, naye anazidi kutazama karibu. Akitokea boda boda anamkazia macho, na gari linaanza kumfuata huyo boda boda, kwa maana mikono hufuata macho.

Hapo walimu wengi hupaza sauti: "Shika usukani sawasawa!" Mtu mzima akifokewa mbele za watu mwili hukakamaa, na mguu uliokakamaa hukanyaga mafuta. Mimi husema kwa upole, "Mbali, Hajati. Tazama ule mwembe kule." Akiinua macho gari linanyooka lenyewe. Nimeliona hilo kwa watu wa kila aina na bado hunifurahisha.

Ndiyo maana somo langu la kwanza mwanafunzi haendeshi. Naendesha mimi, yeye anakaa pembeni na kunisimulia barabara kwa sauti: taksi (matatu) imewasha indiketa, konda ametoa mkono, boda boda anapita upande wa kushoto, kuna mtoto nyuma ya lile gari la shule. Hapa watu wazima hunishangaza. Wamevuka barabara za mji huu kwa miguu miaka mingi, wamepanda taksi na boda boda kila siku, wanajua nani atasimama ghafla na wapi. Kijana wa miaka 18 ana miguu myepesi, lakini akili hiyo ya barabara hana, na duniani kote madereva wachanga wenye pamiti (leseni) mpya ndio wanaogonga zaidi. Basi mama wa miaka hamsini asijione amechelewa. Nusu ya somo amekuja nayo.

Kuhusu afya ya macho yenyewe, nasisitiza sana. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kubadilika upesi kati ya karibu na mbali. Mtu anaona barabara vizuri ila namba za dashibodi zina ukungu, kwa hiyo anavaa miwani yake ya kusomea. Sasa dashibodi iko wazi na barabara ndiyo yenye ukungu! Miwani ya kusomea si ya kuendeshea. Nenda kwa daktari wa macho, mwambie unataka kuendesha, akupime na uone mbali na karibu kwa miwani inayofaa. Usiku ni habari nyingine: jicho la mtu mzima huchukua muda mrefu kurudi sawa baada ya kupigwa na taa kali. Ninawafundisha usiku mwishoni kabisa, na jambo la kwanza ni kwamba lori likija na taa kubwa, macho yako yashuke kwenye ukingo wa kushoto wa lami, usizitazame zile taa.

Kiti nacho. Akina mama wengi wafupi hukaa chini mno na kutazama barabara kupitia katikati ya usukani. Weka mto mgumu, uone juu ya usukani. Sogeza kiti mpaka ukikanyaga klachi hadi chini goti libaki limekunjika kidogo. Shingo ikiwa ngumu, geuza kifua chote unapotazama pembeni, kwani kioo hakionyeshi kila kitu.

Sasa gia. Magari mengi tunayopokea kutoka Japani ni otomatiki, lakini shule nyingi hufundishia gari la gia za mkono, na Kampala ni mji wa vilima. Mwanafunzi anapambana na klachi, gia na handbreki akipanda kilima cha Makindye huku taksi ikimpigia honi nyuma, na barabara yenyewe haioni kabisa. Wenzangu kazini hawakubaliani nami, lakini msimamo wangu ni huu: ukiwa umepita miaka hamsini na gari lililoko nyumbani ni otomatiki, jifunze barabara kwanza kwa hilo otomatiki. Gia zitakuja baadaye ukizihitaji. Anayetaka za mkono aanze kwenye uwanja tambarare bila kukanyaga mafuta: achia klachi polepole mpaka usikie sauti ya injini inazama na boneti inainuka kidogo, bakia hapo, kanyaga tena. Rudia mpaka mguu ujue bila kuulizwa, ndipo uende mlimani. Kwenye otomatiki mguu wa kushoto upumzike. Wa kulia ndio wa mafuta na wa breki.

Wapo pia waliowahi kuendesha kwao, Kongo au Sudan Kusini, ambako magari hupita kulia. Hawa wana shida ambayo mgeni wa usukani hana. Kwenye msongamano hawakosei, kwa sababu magari mengine yanawaongoza. Hatari ni barabara tupu: alfajiri, unatoka kituo cha mafuta, hakuna gari hata moja, na mwili unachukua upande wa zamani. Ninawapa kanuni ya kukaa nayo: hapa Uganda, kwa gari la usukani wa kulia, dereva huwa karibu na katikati ya barabara na abiria karibu na mtaro. Ukijikuta wewe ndiye uliye karibu na mtaro, umekosea upande.

Raundabauti ya Kibuye inawaogofya wote, wenyeji na wageni. Sheria ni nyepesi: aliye ndani ya mzunguko, anayetoka kulia kwako, mpishe. Shida ni adabu. Mtu aliyelelewa vizuri husubiri aambiwe karibu, na Kibuye hakuna wa kumkaribisha. Chagua mstari wako kabla hujafika, ingia gia ya chini, sogea polepole ukitazama kulia, na nafasi ikiwa yako kweli, ingia. Ukishaingia usisimame katikati kumpisha anayesubiri nje kwa huruma. Wa nyuma yako hakutegemea. Mimi huwapeleka Jumapili asubuhi na mapema kwanza.

Msijazie masomo siku moja. Saa moja mara tatu kwa wiki hushinda saa nne za Jumamosi, kwa kuwa ujuzi wa mwili hutulia mtu akilala.

Pamiti sitaizungumzia sana. Unachukua ya mwanafunzi, unabandika herufi L mbele na nyuma, mwenye pamiti kamili anakaa pembeni yako, kisha mkaguzi wa magari wa polisi anakupima. Atakayekuambia utoe pesa badala ya kupimwa anakuuzia ajali.

Kinachonipa wasiwasi ni miezi ya kwanza baada ya hapo, mwalimu akiwa hayupo kitini. Kwa kilomita 50 kwa saa gari hukimbia karibu mita 14 kila sekunde. Kwa 80 ni mita 22. Kabla mguu haujafika kwenye breki umeshapita nyumba mbili tatu. Kwa hiyo chagua njia zako: kwanza mtaani kwako, kisha kazini na kurudi, kisha barabara ya Jinja mchana, kukiwa kukavu. Hesabu sekunde mbili kati yako na gari la mbele, nne mvua ikinyesha. Na ukiingia msitu wa Mabira ukakuta trela linapanda taratibu mbele yako, hata kama nyuma wanakupigia honi, kaa nyuma yake mpaka mtoke msituni.