Je, wajua kwa nini tamthilia nyingine huisha leo na nyingine hukuburuta hadi wiki ijayo?

Ingia kwa kinyozi yeyote pale Kondele, Kisumu, saa za jioni. Anayenyolewa anatazama runinga kupitia kioo. Amekuta kipindi katikati na huenda akaondoka kabla hakijaisha. Kikiwa Vioja Mahakamani, hana shida. Mshtakiwa yuko kizimbani, shtaka linasomwa, mashahidi wanavurugana, hukumu inatoka. Ikiwa ni tamthilia ya Kifilipino, kinyozi atalazimika kuzima mashine aeleze yule ni mtoto wa nani, na aliyezikwa juzi amerudije.

Waandishi humwaza sana mtu huyu asiyejua ya wiki jana. Kule Marekani palikuwa pia na hesabu ya pesa: tamthilia ikifikisha vipindi 100 hivi, iliuzwa kwa vituo vya mikoani viirudie kila siku. Kituo kinachorusha cha 40 leo na cha 12 kesho kilitaka kila kimoja kijitegemee. Ndiyo maana wapelelezi wa zamani walitatua mauaji kila wiki, kisha wiki iliyofuata wakaanza upya kana kwamba hakuna aliyewahi kufa.

Mwaka 1981 kituo cha Marekani cha NBC kilianza kurusha tamthilia ya Hill Street Blues, yenye polisi wengi na visa vya kuvuka wiki kadhaa. Wakubwa wa kituo waliogopa watazamaji watapotea njia, wakataka angalau kisa kimoja kifungwe kila kipindi. Mtindo huo ukashika: kisa cha leo kinakula dakika nyingi, hadithi ndefu inapita pembeni. The X-Files, kuanzia 1993, ilitenganisha: vipindi vingi vya zimwi la wiki, vichache vya njama kuhusu viumbe wa anga. Nionavyo mimi, njama ilirefuka hadi ikachosha, huku vile vya mazimwi vikizeeka vizuri.

Hapa kwetu naipa maki tamthilia ya vichekesho Papa Shirandula, yake marehemu Charles Bukeko, mwana wa Busia. Papa ni mlinzi wa getini, lakini mkewe, Wilbroda, anaamini mumewe ni mtu wa ofisi. Hapo hadithi ndefu ni hali ya kudumu, wala si msururu wa matukio ya kukariri. Kisa chochote kikitua pale getini, hata kiwe kidogo namna gani, kinaugusa ule uongo: leo atashikwa? Mgeni aliyefika jana kutoka Kakamega anaelezwa kwa sentensi moja na kucheka pamoja na wengine.

Siku hizi mizani imeelemea upande wa pili. Februari 2013 Netflix ilitoa msimu mzima wa House of Cards kwa mpigo. Na kwenye vibanda vya muvi mtu hupeleka flashi tupu na kurudi na msimu wote. Anayemeza vipindi sita usiku mmoja hahitaji kukumbushwa lolote, basi waandishi wengine huacha kabisa kufunga visa. Muulize asubuhi cha nne kilihusu nini. Atakuna kichwa tu.

Walio makini bado hukipa kila kipindi swali lake. Linaulizwa mapema, linajibiwa kabla majina hayajaanza kupita, na jibu lenyewe ndilo linalozua balaa la kipindi kinachofuata.