Junior si lazima awe mtoto wa Senior

Juzi tena. Kazi yangu ni kufuatilia koo za watu, na mteja kaniletea mti wa ukoo uliotiwa fremu, umerudi hadi Massachusetts ya karne ya 17, koloni la Waingereza huko Marekani, na pale juu kabisa John Junior kaning'inizwa chini ya John Senior. Nikamuuliza ushahidi uko wapi. Akanitazama kama nimemuuliza jua hutokea wapi. "Si imeandikwa Junior?"

Imeandikwa, ndiyo. Nimechoka kulieleza hili kwa mdomo, kwa hiyo leo naliandika, siku nyingine nitume kiungo tu.

Katika madaftari ya miji ya New England ya wakati huo, yaani Massachusetts na makoloni jirani, Senior ni mkubwa na Junior ni mdogo. Basi. Karani wa mji ana akina John wawili wa jina moja la ukoo, anataka kujua yupi kalipa kodi. Kama ni baba na mwana, ami na mtoto wa kaka yake, au watu wasio na damu moja kabisa, hilo halikumshughulisha. Mtaani kwetu kuna Juma Mkubwa na Juma Mdogo, na sijamsikia mtu akidhani mmoja kamzaa mwenzake. Wakiwa watatu, wa mwisho huandikwa "wa tatu".

Na majina hayo hayagandi. Mzee akifa, waliobaki wanapanda: Junior anakuwa Senior, wa tatu anakuwa Junior. Nimewahi kumfuata mtu mmoja kwenye hati za ardhi: ananunua kipande cha ardhi akiwa wa tatu, anauza akiwa Junior, anakufa Senior. Mtu yuleyule, kipande kilekile. Mwenye haraka angepata vizazi vitatu hapo na fremu juu yake.

Maneno ya udugu nayo yana mitego. "Cousin", ambaye leo ni binamu, kwenye wosia wa enzi hizo mara nyingi ni mpwa. "Mother-in-law", leo mama mkwe, anaweza kuwa mama wa kambo. "Brother", yaani kaka, anaweza kuwa shemeji, au mtu wa kanisa moja tu, kama tunavyoitana ndugu bila kuulizana mama.

Tarehe nitazipitia upesi. Kabla ya 1752 Waingereza na makoloni yao walianza mwaka 25 Machi. Kwa hiyo wazazi wakifunga ndoa Juni 1689 na mtoto akabatizwa Februari 1689, hakuna aibu: kwa hesabu yetu ile ni Februari 1690. Ndiyo maana makarani waangalifu waliandika 1689/90. George Washington mwenyewe alizaliwa 11 Februari 1731 kwa kalenda ya kwao. Leo tunasema 22 Februari 1732, maana kalenda ilipobadilishwa siku nazo zilisogezwa kumi na moja.

Sasa ubaba unathibitishwa na nini? Mirathi, kwanza kabisa. Massachusetts, marehemu asipoacha wosia, mtoto wa kiume wa kwanza alipata mafungu mawili na wenzake moja moja, kwa hiyo hati ya mgawanyo inakupa watoto na mkubwa wao kwa mpigo. Wosia wenyewe nauamini kidogo zaidi ya nusu. Mtoto aliyekwisha kupewa shamba lake siku ya kuoa anaweza asitajwe kabisa, halafu watu wanaandika "hakuwa mtoto wake". Ndipo unapokwenda kwenye hati za ardhi, kumtafuta anayeuza shamba "lililokuwa la baba yangu".

Na kuna mahali nakwama, sifichi. Nina jalada la wajina wawili, watoto wa ndugu, mji mmoja, na wake zao wote wawili ni Mary. DNA ya Y, ile baba anayompa mwana, haisaidii: babu yao ni mmoja, wanaume wa ukoo huo wanabeba Y ileile. Niliwatenganisha kwa saini, mmoja akiandika jina lake na mwingine akitia alama tu. Nikafurahi wiki nzima. Halafu nikakumbuka kwamba mzee anayetetemeka mkono, au mgonjwa kitandani, naye hutia alama hata kama alisoma. Jalada bado limeandikwa "huenda" kwa penseli.

Yule mteja wa juzi tulipata bahati. Hati ya mgawanyo ipo, na John Junior wake yumo, fungu moja, chini ya kaka yake mkubwa. Marehemu anaitwa Thomas. John Senior naye yumo kwenye karatasi hiyohiyo, kama mmoja wa waliothamini mali, ng'ombe wawili na chungu cha chuma. Ni kaka wa Thomas, yaani ami.

Akaisoma mara mbili, kisha akauliza kama anaweza kuuacha mti ule sebuleni hadi baada ya Krismasi, maana wageni wanakuja. Nikamwambia ukuta ni wake.